Kutoka Maskati hadi Salalah kwa njia ya pwani, tukiendesha wenyewe: Julai au Desemba, na kwa gari gani?

MamaWawili aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu. Mimi na mume wangu tumekusudia kwenda Omani na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 12, kwa muda wa siku 12. Nia yetu ni kukodi gari Maskati na kuliendesha wenyewe hadi Salalah kwa njia ya pwani, yaani kupitia Sur, Ras al-Hadd, Duqm na Hasik, badala ya kukata jangwa kwa barabara ya ndani inayopita Haima. Ramani tumeiangalia mara nyingi mpaka watoto wameyakariri majina ya miji, lakini kuna mambo ambayo ramani haiyasemi, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Swali la kwanza ni la msimu. Shule zinaturuhusu kusafiri Julai au Desemba. Mume wangu anaitaka Julai ili tuone kharifu ya Salalah, majira ambayo milima ya Dhofar hufunikwa na ukungu na kuota majani mabichi wakati nchi nyingine zote za jirani zinaungua kwa jua. Mimi naogopa joto. La pili ni la gari: je, gari dogo la kawaida linatosha, au ni lazima tukodi 4x4, ambalo kwa bei tulizopewa ni karibu maradufu? La tatu, maisha yetu yote tumeendesha upande wa kushoto, na Omani huendeshwa kulia. Mume wangu anasema mtu huzoea kwa siku moja, lakini wanangu watakuwa ndani ya gari hilo, kwa hiyo ningependa kulisikia hilo kutoka kwa mtu aliyelifanya kwa mikono yake. La mwisho, nimesoma kwamba mabonde ya huko hufurika ghafla. Mtu anajuaje kwamba sasa ni hatari?

Mzee wa Njia akajibu:

Marahaba mwanangu. Njia hiyo nimeipita mara mbili, mara moja Januari na mara moja Agosti, na kabla sijagusa maswali yako ningependa ushike jambo moja: hiyo si safari moja, ni mbili zilizoungwa. Kutoka Maskati hadi Ras al-Hadd ni nchi ya milima inayoshuka karibu na bahari, yenye miji, maji, vituo vya mafuta na mambo mengi ya kuona katika mwendo mfupi. Kutoka al-Ashkharah kushuka kusini hadi Shuwaymiyah ni uwanda mtupu wa upepo, ambako mtu huendesha saa nzima bila kuona kitu kilicho kirefu kuliko bega lake. Njia yote inazidi kilomita 1,200, na wageni wengi huzigawa kilomita hizo kwa idadi ya siku, sawa kwa sawa, kisha wakajikuta wanakimbia mahali pa kutua na wanatua mahali pa kukimbia.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ipeni siku nyingi. Maskati hadi Sur ni kama kilomita 200 tu kwa barabara kuu nzuri ya njia mbili kila upande, lakini katikati yake kuna shimo kubwa la Bimmah lenye maji ya rangi ya buluu-kijani, kuna Wadi Shab ambayo huanzwa kwa kuvushwa na mashua chini ya daraja la barabara kuu, kisha mnatembea kwa miguu mpaka kwenye madimbwi ya kuogelea, na kuna Qalhat. Hapo Qalhat limebaki kaburi la Bibi Maryam na magofu yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Ibn Battuta alifika hapo katika karne ya 14, akiwa amevuka bahari kutoka Kilwa hadi Dhofar. Chombo chake kilipotia nanga Sur aliiona Qalhat kwa mbali, akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu, na alifika akiwa amechoka kabisa na miguu imevimba. Leo ni mwendo wa nusu saa kwa gari, lakini pwani ile bado inadanganya macho vilevile: kitu unachokiona mbele yako kiko mbali kuliko unavyodhani.

Sasa habari ya kuendesha kulia. Mumeo hajakosea sana, lakini siku moja ni chache. Mimi nilipotoka kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, kila nilipotaka kuwasha indiketa, waipa zilianza kufagia kioo kikavu, kwa sababu kijiti cha indiketa kiko kushoto kwa usukani nami mkono wangu wa kulia ulikwisha kutangulia wenyewe. Hilo halina madhara. Hatari ya kweli haiko kwenye barabara kuu yenye magari, kwa maana pale unafuata wenzako. Iko asubuhi, mnapotoka hotelini au kituo cha mafuta na kuingia barabara tupu isiyo na gari la kukukumbusha, na akili iliyolala usiku mzima inarudi upande wake wa siku zote. Mara ya pili nilisafiri na mke wangu, tukapatana kwamba kila tunapowasha gari baada ya kusimama, yeye atasema kwa sauti neno «kulia» na mimi nitalirudia kabla ya kutoa breki. Alinisaidia mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa siku ya sita. Kumbuka pia kwamba dereva siku zote anatakiwa awe upande wa mstari wa katikati ya barabara. Ukijiona umekaa ukingoni, kwenye mchanga, umekosea upande. Kwenye mzunguko, ambao wengine wetu tunauita kipilefti, magari yanakuja kutoka kushoto kwenu na waliomo ndani ndio wenye haki ya kupita, kwa hiyo watoto wafundishwe kunyamaza mnapoukaribia.

Kuhusu mabonde nitasema kwa ukali kidogo, unisamehe. Wadi hufurika kwa mvua iliyonyesha milimani, na pengine mahali uliposimama wewe jua linawaka na hakuna wingu. Barabara nyingi ndogo zinakatiza sakafu ya wadi bila daraja, na kando yake kuna nguzo zilizopakwa rangi ili kuonyesha kina cha maji. Nguzo hizo zisiwape ujasiri wa kupima. Maji yakiwa yanatembea juu ya lami, zimeni gari mahali palipoinuka na msubiri, hata kama mwenyeji anapita mbele yenu na kuwapungia mkono. Maji hayo huteremka kwa nguvu, lakini aghalabu hupungua baada ya saa kadhaa. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu wapatao 20 nchini humo, wakiwemo watoto wa shule ambao gari lao lilisombwa. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la jinai kwa sheria ya nchi hiyo, na nadhani ni sheria ya haki. Ukitaka kupanda Wadi Tiwi au kutembea Wadi Shab, angalia kwanza utabiri wa hali ya hewa wa milima ya Hajar, usitosheke na ule wa pwani.

Msimu nawaachia wengine, ila mimi nisingewapeleka watoto kwenye uwanda wa Duqm mwezi wa saba. Agosti ile upepo wa kusi ulivuma mfululizo kwa siku tatu, na mchanga ulikuwa ukipita juu ya lami kama moshi mwembamba, halafu mahali fulani ukarundikana mpaka nusu ya barabara ikafunikwa.

Dereva_Makini akajibu:

Namuunga mkono Mzee wa Njia katika mengi, lakini katika swali la gari, ambalo hakulijibu, ningemshauri MamaWawili akodi 4x4 ikiwa fedha inaruhusu. Sababu yangu si barabara kuu, kwa kuwa ni lami kutoka Maskati hadi Salalah, jambo la kustaajabisha katika nchi ambayo mwaka 1970 ilikuwa na kilomita kama 10 tu za lami. Sababu yangu ni kwamba fukwe nzuri za al-Wusta, kama zile za matuta meupe karibu na al-Khaluf, hazifikiki kwa gari dogo, na mtu aliyekwenda mbali kiasi hicho ataumia moyo kuziangalia kwa mbali.

Hata hivyo ni lazima niseme yaliyonipata, ili asije akadhani 4x4 ni kinga. Tulikuwa karibu na rasi ya Barr al-Hikman, mahali ambapo nchi ni tambarare kabisa na sehemu kubwa yake ni sabkha, yaani uwanda wa chumvi. Ganda la juu lilikuwa jeupe, kavu, limepasuka vipandevipande kama udongo wa bwawa lililokauka, na alama za matairi ya watu waliotutangulia zilionekana waziwazi. Nilitoka kwenye alama hizo mita chache tu kumpisha mvuvi aliyekuwa akija na gari lake. Ganda likavunjika kwa mlio laini, na chini yake kulikuwa na tope jeusi lenye harufu ya bahari, likalimeza gurudumu la mbele mpaka kwenye ekseli. Kupunguza upepo wa matairi, ambako kwenye mchanga mkavu husaidia sana, hapo hakukusaidia chochote. Tulikaa saa nne mpaka mvuvi yule aliporudi na ndugu zake wawili, mbao na kamba. Walikataa kupokea malipo, wakakubali chai tuliyokuwa nayo.

Kampuni iliyonikodisha, nisiyopenda kuitaja, ilinikata sehemu kubwa ya amana kwa sababu ya chumvi na tope chini ya gari, ikionyesha kifungu katika mkataba kinachosema kwamba bima haifanyi kazi nje ya barabara. Nilikuwa nimekitia sahihi bila kukisoma. Kwa hiyo, dada, uliza swali hilo kabla ya lile la bei: bima hii inaishia wapi? Uliza pia kama wana kikomo cha kilomita kwa siku, maana pwani yote na kurudi inaweza kukipita kwa mbali.

Mkaaji_Maskati akajibu:

Assalaam aleikum. Ninaishi Maskati mwaka wa kumi na moja sasa, na njia ya Salalah tunaipita karibu kila mwaka kwa ajili ya ndugu.

Julai mjini hapa joto hupita nyuzi 40 na unyevu wa bahari unalifanya zito zaidi. Wadi Shab kwa watoto wakati huo ni mateso. Kharifu yenyewe huhesabiwa kuanzia 21 Juni hadi 21 Septemba, na ni kweli kwamba ni neema. Salalah hushuka hadi nyuzi ishirini na kitu, manyunyu yanadondoka mchana kutwa, na kandokando ya barabara wanauza madafu, ndizi na mapapai mpaka mtu asahau yuko Uarabuni. Lakini kumbukeni kwamba Ghuba nzima inahamia huko. Vyumba hupanda bei, na barabara za milimani hujaa magari ndani ya ukungu ambamo huoni taa za aliye mbele yako. Kama lengo ni kuiona kharifu, basi pandeni ndege kutoka Maskati, ni saa moja na nusu tu, mkodi gari kulekule. Kama lengo ni pwani, njooni Desemba. Nitasikitika kwamba hamtaona Dhofar ya kijani, kwa kuwa Desemba milima imeshakauka kuwa ya kahawia, ila mtaona mengine yote bila kuumia.

Hasara ya Desemba ni moja: jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Ngamia wa nchi hii wana wenyewe lakini hutembea huru, hawaogopi taa wala honi, na usiku rangi yao ni ile ile ya ardhi. Miguu yao ni mirefu, kwa hiyo gari dogo likiwagonga huikata miguu hiyo, na kiwiliwili chote huangukia kioo cha mbele. Nimepoteza jirani kwa namna hiyo. Baada ya magharibi msiwe barabarani kusini ya Sur, hata kama zimebaki kilomita 40.

Kwa habari ya gari, mimi namwambia MamaWawili gari dogo linatosha kabisa. Mahali anapohitaji 4x4 kwa amri ni Jabal Akhdar, ambako askari wa kizuizi cha Birkat al-Mawz hawaruhusu gari lisilo 4x4 kupanda, na hapo hayupo kwenye njia ya pwani. Matuta ya al-Khaluf wanaweza kwenda na dereva mwenyeji kwa nusu siku, na watarudi salama na amana yao mkononi.

Mengine kwa ufupi: mwendo wa juu kwenye barabara kuu ni kilomita 120 kwa saa na kamera ziko kila mahali. Magari mengi ya hapa hulia ukipita 120, na sauti hiyo msiizoee. Petroli haifiki robo ya riali kwa lita, kwa hiyo hakuna sababu ya kusubiri tangi lipungue: kutoka Duqm kwenda kusini jazeni kila mnapokuta kituo. Ijumaa kuanzia kama saa tano na nusu maduka na migahawa mingi hufungwa mpaka sala ya Ijumaa ipite. Namba ya polisi na dharura ni 9999. Na msishangae mkisalimiwa kwa Kiswahili na mzee aliyevaa kanzu na kilemba: wapo wengi waliozaliwa Unguja, Pemba au Mombasa wakarejea baada ya 1964 na zaidi baada ya 1970, nao hufurahi sana kuisikia lugha hii kwa watoto.

MamaWawili akajibu:

Shikamoo tena Mzee wa Njia, waaleikum salaam ndugu Mkaaji, na asante sana Dereva_Makini kwa kutueleza jambo lililokuuma. Nimewasomea wote mume wangu. Tumekubaliana Desemba na gari dogo, na habari ya ngamia imemaliza ubishi wa kusafiri jioni. Mgawanyo tuliofikiria ni huu: siku nne kutoka Maskati hadi Ras al-Hadd, siku tatu kwa uwanda mpaka Hasik, siku tatu Salalah, na siku mbili kurudi kwa barabara ya ndani. Je, hizo tatu za katikati zinatosha? Na kweli kasa wanaonekana Ras al-Jinz wakati huo wa mwaka?

Mzee wa Njia akajibu:

Mgawanyo ni mzuri, mwanangu. Kasa wa kijani hupandisha kutaga Ras al-Jinz mwaka mzima, ingawa wengi zaidi ni wa miezi ya joto. Desemba mnaweza kubahatika kuona mmoja au msione, na watoto waambiwe hivyo mapema. Huko haendi mtu peke yake: unaweka nafasi katika kituo cha hifadhi na kuongozwa usiku au alfajiri, bila tochi wala mwanga wa kamera, kwa kuwa mwanga humrudisha kasa baharini kabla hajataga.

Siku tatu za katikati zinatosha kama siku ya kwanza mtalala maeneo ya Mahut, ya pili mlale Duqm, na ya tatu muondoke Duqm alfajiri. Nasema alfajiri kwa sababu ya kipande kimoja kati ya Shuwaymiyah na Hasik. Baada ya siku mbili za uwanda, barabara inapanda ghafla ukingoni mwa jabali, kisha inateremka kwa mizunguko mpaka usawa wa mawimbi, ukuta wa mawe upande mmoja na Bahari ya Arabu upande mwingine. Nilisimama hapo mahali palipotengwa pembeni, nikazima injini, nikasikia maji yakigonga mawe chini kabisa na ndege wa baharini wakilia katika nyufa za jabali juu yangu. Mkipita hapo baada ya saa tisa, mtakipita kwa haraka mkilikimbia giza, na Mirbat bado itakuwa mbele. Bebeni maji ya kunywa ya siku mbili, hakikisheni tairi la akiba lina upepo na jeki ipo kabla ya kuondoka Maskati, na mumeo ajaribu kufungua nati moja ya gurudumu palepale kwenye maegesho ya kampuni, maana aliyezikaza kwa mashine hatakuwepo Shuwaymiyah.

Mkaaji_Maskati akajibu:

Naongeza moja tu. Ndege nyingi huingia Maskati usiku wa manane. Msichukue gari saa hiyo mkiwa na usingizi na upande msiouzoea. Laleni karibu na uwanja, mrudi kulichukua asubuhi, na ikiwezekana iwe Ijumaa, ambapo mpaka saa nne barabara za mji huwa karibu tupu.

MamaWawili akajibu:

Tunafika Alhamisi usiku. Tutalala, na gari tutalichukua Ijumaa asubuhi.